Kashata Inayonuka Feri

Kazi yangu ni kupara samaki pale soko la Feri. Mteja akishanunua changu au kibua wake ananiletea. Natoa magamba, napasua tumbo, naosha, nalipwa. Kufika adhuhuri magamba yameniganda mpaka kwenye nyusi. Harufu yake haitoki kwa sabuni ya mche peke yake. Unasugua ndimu, unasugua majivu, na bado ukipanda pantoni kurudi Kigamboni abiria wanakupisha bila kuombwa.

Tangu mke wangu aende Muscat kufanya kazi za ndani, vitafunio vya watoto viko juu yangu. Wapo wawili: wa kiume yuko darasa la nne, binti darasa la kwanza. Wanatoka alfajiri na kikombe cha chai, wanarudi jua likiwa utosini. Shilingi mia mbili ya getini inanunua barafu ya rangi. Inayeyuka kabla ya kengele, njaa inabaki palepale.

Mama yao alikuwa akiwafungia kashata. Akanitumia maelezo kwa sauti kwenye simu, nikayasikiliza mara nne. Nazi moja kubwa ikunwe. Sukari kikombe kimoja na nusu, maji nusu kikombe, moto mdogo, mpaka shira ivutike kama uzi ukiinua mwiko. Mimina nazi na iliki iliyotwangwa, koroga bila kupumzika mpaka ishikane na kuachia sufuria. Tandaza kwenye sinia ulilolipaka mafuta kidogo, kata ingali ya moto, maana ikipoa inavunjika ovyo.

Nazi na iliki nilizifuata Kariakoo, kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, kisha nikarudi Feri kuvuka. Usiku nikapika. Kwa macho ilikuwa kashata hasa. Binti akainusa, akairudisha kwenye sinia.

"Baba, hii inanuka Feri."

Kaka yake akala ya kwake harakaharaka, macho chini, bila neno. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kazi inayonunua sukari ndiyo iliyokuwa imekaa juu ya kashata, na kazi yenyewe siwezi kuiacha.

Kesho yake nikamsimulia mama mmoja anayekaanga samaki karibu na meza yangu. Amelea watoto wake kwa karai hilo.

"Shemeji," akasema, "wape wapike wenyewe. Wewe shika mwiko tu."

Sasa Jumapili jioni kaka mtu anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi. Dada anamenya iliki na kuzitwanga kwenye kinu kidogo. Moto na shira ni vyangu, kwa kuwa sukari inayochemka huganda kwenye ngozi na kuunguza kuliko maji. Wao hukaa mbali mpaka sinia lipoe kidogo. Nachora mistari kwa kisu, wao wanatenganisha vipande. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na kurasa za madaftari ya mwaka jana zinatosha kufungia. Wiki nyingine tunabadilisha, tunatia karanga za kukaanga badala ya nazi. Nazi moja inatupeleka mpaka Jumatano, na binti ndiye anayehesabu, ili kaka yake asimzidi hata kipande.

Mkataba wa mama yao ni miaka miwili. Nilidhani kazi yangu ni kuwapikia kama alivyopika yeye, wasione pengo. Pengo wanaliona. Ila njaa ya saa nne wanaijua dawa yake, na dawa hiyo wanaitengeneza kwa mikono yao.

Juzi alipopiga simu, binti alinipokonya.

"Mama, siku hizi kashata napika mimi. Baba anakoroga tu."

Akacheka sana, kisha akanyamaza kidogo, akaomba kuongea na mimi. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli, mimi nakoroga tu.