Nilikaimu Miezi Minane, Kiti Akapewa Mwingine

Kukosa kazi kwa watu baki kunauma. Kukosa kwa watu unaokunywa nao chai kila siku saa nne kunauma zaidi. Utafanyaje Jumatatu ikifika?

Mpenzi msomaji, kuna kukosa kazi, halafu kuna kukosa kazi. Ukiomba kwenye kampuni usiyoijua, ukaenda kwenye intavyuu, halafu wakakaa kimya, unaumia kidogo na maisha yanaendelea. Hawakujui, huwajui, hata mkipishana barabarani hamtambuani. Lakini ukiomba nafasi ya juu hapo hapo ulipo, ukasailiwa na watu waliokula pilau la harusi yako, halafu wakakwambia hapana, hiyo ni habari nyingine kabisa. Ijumaa unapewa barua, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi unasaini kitabu cha mahudhurio kama kawaida. Meza ni ile ile, kikombe ni kile kile, na waliokukata wako mlango wa pili. Uso utauficha wapi?

Mimi yalinikuta mwaka jana. Ni mhariri kwenye shirika moja lenye ofisi hapa Mpwapwa. Jina lake naliacha, maana ndilo linalonilisha mpaka leo. Kazi yangu ni kuandaa jarida na vijitabu vya wakulima na wafugaji. Mkuu wa kitengo chetu alipohamishiwa makao makuu nikaambiwa, "Dada, hebu shikilia hapo kwa muda." Huko kushikilia ndiko kukaimu, na najua wasomaji wengi mnakufahamu: majukumu ya bosi, mshahara wa zamani. Nilikaimu miezi minane. Nilisaini ruhusa za wenzangu, niliendesha vikao, nilipokea simu za saa tatu usiku. Kwa hiyo tangazo la ndani lilipobandikwa ubaoni, hakuna aliyejiuliza kiti ni cha nani. Mlinzi wa getini alikuwa ameshaanza kuniita bosi.

Tulisailiwa watatu. Jopo lilikuwa la watu wanne, dakika 35, kwenye chumba kile kile nilichokuwa naendeshea vikao. Baada ya siku tisa nikapewa barua ya aya mbili. Ya kwanza ilinishukuru kwa mchango wangu. Ya pili ilisema nafasi amepewa mwenzangu, kaka mmoja wa kitengo hicho hicho, mdogo wangu kiumri, ambaye kwa miaka mitatu nimekuwa nasahihisha makala zake.

Mji mdogo hauna siri

Sasa ongeza na hili. Mpwapwa siyo Dar es Salaam. Dar ukikosa cheo Posta, Mbagala hawana habari. Hapa nilitoka ofisini saa tisa na nusu, nikapita sokoni kununua mlenda, na mama muuza mboga, baada ya kunisalimia "Mbukwenyi" yetu ya Kigogo, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Tumesikia." Wamesikia! Barua yenyewe ilikuwa bado iko kwenye pochi, sijamwonyesha hata mume wangu. Jumapili kanisani nikapewa pole nne, saluni pole tatu, na mama mdogo akapiga simu kutoka Kibakwe kuuliza kama ni kweli nimefukuzwa.

Pole zote hizo zilinichosha kuliko barua, kwa sababu kila moja ilitaka maelezo. Ndipo nikatengeneza sentensi moja ya kuwajibu wote: "Niliomba, wamemchukua mwenzangu, kazi inaendelea." Basi. Haina lawama, haina machozi, na haimpi mtu kamba ya kuvutia mazungumzo. Ukikosa nafasi, itengeneze ya kwako usiku ule ule. Usipofanya hivyo utajikuta unasimulia kisa chako mara ishirini kwa siku, na kila ukikisimulia kinakuwa kirefu na kikali zaidi. Kilio chako kiwekee watu wawili watatu unaowaamini. Na kwa siku tatu za mwanzo kaa mbali na kundi la WhatsApp la ofisi, pia usiandike barua ya kuacha kazi. Barua za hasira huandikika vizuri sana, mimi ni mhariri, naijua hiyo. Shida ni kwamba kodi ya nyumba na ada za watoto hazisomi barua.

"Wana mtu wao"

Nyumbani mume wangu alinisikiliza, akasonya, akasema, "Si nilikwambia? Hao walikuwa na mtu wao."

Jamani, kuna faraja inayopatikana haraka kama hiyo? Umekosa kazi, umekosa tenda, mtoto amekosa nafasi: wana mtu wao. Na inatuliza kweli. Kama walikuwa na mtu wao, basi intavyuu ilikuwa maigizo, mimi sina upungufu wowote, na hakuna haja ya kuumia. Kwa siku kadhaa niliimeza kama dawa, asubuhi na jioni.

Tusidanganyane, wakati mwingine ni kweli. Nafasi ngapi zinatangazwa huku jina limeshaandikwa kwa penseli? Ila maneno hayo yana tatizo moja: hayakuachii cha kufanya kesho. Yanakuachia hasira, na hasira hiyo huibebi kwenda kwa mkurugenzi. Unairudisha nyumbani, unaimwaga kwa watoto, unaimwaga kwa mume yule yule aliyejaribu kukufariji. Ikabidi nimwambie, "Baba, usinitafutie adui. Kaa hapa nilie, halafu kesho niulize naendeleaje." Akakaa. Kesho yake akauliza. Ilinisaidia kuliko hotuba zote.

Kwa hiyo kina baba mnaosoma ukurasa huu: mkeo akikosa cheo, usianze kwa kuihukumu ofisi nzima, na wala usimwambie "achana nao, mimi nipo". Anajua upo. Wahudumie watoto jioni mbili tatu, mwache alale mapema. Na sisi kina mama, mzee akikosa, tusimpeleke kwa mashosti kama habari ya mjini, na tafadhali sana tusimtajie shemeji aliyepandishwa cheo mwezi uliopita.

Kaulize, tena kwa upole

Wiki ya pili niliomba dakika kumi kwa afisa utumishi. Sikwenda kugombana. Nilikwenda na maswali matatu kwenye karatasi: nini kilinibeba, nini kilinipungukia, na nafasi kama hii ikitokea tena mngependa kuona nini mkononi mwangu?

Alikuwa muungwana, akanijibu. Uandishi, alama za juu. Kuongoza watu, vizuri. Nilipopitwa ni kwenye fedha: mwenzangu alishawahi kusimamia bajeti ya mradi kwa miaka miwili, mimi sijawahi kushika bajeti yoyote.

Kha! Miezi minane nakaimu, bajeti ya kitengo ilikaa makao makuu. Hakuna aliyeniletea hata niione. Sasa nitapataje uzoefu wa kitu nilichonyimwa? Nilimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya kawaida, nikaomba na jambo moja liandikwe: kwamba mwaka wa fedha unaofuata bajeti ya jarida niisimamie mimi mwenyewe. Imeandikwa, na nakala ninayo. Sikutoka pale nikicheka, lakini nilitoka nikijua kilichonikwamisha kina jina, na hilo jina siyo langu.

Je, kama majibu utakayopata yananuka uonevu? Ukaambiwa, kwa mfano, kwamba wamekuacha kwa sababu una mimba, au kwa kabila lako, dini yako, ndoa yako, umri wako? Hapo hatuzungumzii tena kujipa moyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa aina hiyo kazini, na upandishaji vyeo umo ndani yake. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa kanuni za mwaka 2007 mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa ufike huko ndani ya siku 60. Mtumishi wa umma ana ngazi zake za rufaa anazotakiwa kuzipitia kwanza. Kwa hiyo tunza karatasi zako na usikae miezi sita unanung'unika, siku zinahesabiwa. Ila kupitwa na mtu mwenye uzoefu ambao wewe huna siyo ubaguzi, hata kama inauma vilevile.

Bosi mpya ni yule yule kaka

Hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Jumatatu ya kwanza kaka yule aliingia ofisini kwangu, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kukopa. "Dada, sijui nisemeje." Nikamwambia hongera, nikampa mkono. Nilikuwa na furaha? Hapana. Hongera siyo kiapo kwamba una furaha. Ni adabu, na adabu unaweza kuitoa hata moyo ukiwa umevimba.

Tulikaa saa mbili nikamkabidhi mafaili. Nilimkabidhi yote, pamoja na orodha ya wachapaji wanaochelewesha kazi, kitu ambacho ningeweza kukinyamazia nikamwacha ajikwae mwenyewe. Msomaji, kishawishi hicho kitakuja, nakuhakikishia. Utatamani aharibu kidogo ili watu waseme "si bora yule dada". Lakini jarida likichelewa, jina langu kama mhariri liko ukurasa wa pili. Halafu watu wanaokuona umenuna miezi mitatu hawasemi "alionewa". Wanasema "ndiyo maana hawakumpa".

Ila usigeuke mtakatifu pia. Majukumu ya ukaimu yakiisha, yameisha. Simu za saa tatu usiku sasa zina mwenyewe. Nilimwambia bosi wangu mpya, kwa heshima zote, kwamba kuanzia sasa natoka saa tisa na nusu. Akacheka, akasema, "Sawa, dada." Jioni yangu ya kwanza nyumbani jua likiwa bado juu, nilisuka nywele za binti yangu mpaka mwisho. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Shamba lililofaulu intavyuu

Ukitoka kwetu kwenda Dodoma mjini kwa njia ya Mbande, unapita Kongwa, ambayo kabla ya kuwa wilaya ilikuwa sehemu ya Mpwapwa. Mwaka 1946 wataalamu watatu waliotumwa na serikali ya Uingereza, wakiongozwa na John Wakefield, walizunguka Tanganyika kwa wiki chache tu kutafuta ardhi ya karanga, kwa sababu kwao mafuta ya kula yalikuwa ya shida baada ya vita. Kongwa ikapita. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa mibuyu. Kilichofuata wazee wa huku wanakijua: mvua zikagoma, udongo wa mfinyanzi ukakauka mgumu kama sakafu, vyuma vikavunjika. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, zikiwa zimeteketea paundi milioni 36 hivi.

Yaani ardhi ile ilifaulu usaili kwa kishindo, kazi ikaishinda. Na bado hadithi yake haikuishia hapo. Pakawa na ranchi ya ng'ombe. Miaka ya 1960 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia, Afrika Kusini na Angola. Na karanga zenyewe? Wakulima wetu wanazilima mpaka leo, Kongwa na Mpwapwa, kwenye mashamba madogo, wakifuata mvua jinsi inavyokuja.

Ninapopita pale huwa nakumbuka dakika zangu 35. Watu wenye digrii na fedha walikagua ardhi kwa wiki kadhaa wakakosea upande wa kusifia. Basi na jopo la watu wanne linaweza kukosea kwa dakika 35, au likapatia kwa nafasi hiyo moja tu. Intavyuu inapima ulichoweza kuonyesha siku ile, kwa kiti kile. Chukua taarifa inayokupa, uifanyie kazi. Usiichukue kama cheti cha thamani yako.

Jiwekee tarehe

La mwisho. Usikae kwenye kungoja kusikokuwa na mwisho, maana ndiko kunakozalisha wale wafanyakazi wenye miaka 20 kazini wanaoanza kila sentensi na "mimi ningekuwa…". Jiwekee tarehe. Mimi nimejipa mwaka mmoja wa fedha: nisimamie bajeti ya jarida, nisome kozi fupi ya usimamizi wa fedha, niboreshe wasifu wangu kila baada ya miezi mitatu, nafasi itangazwe au isitangazwe. Mwaka ukiisha nitaiangalia ofisi hii kama mtu anayechagua, siyo kama mtu aliyeachwa. Nikiona kuna njia, nitabaki. Nikiona kukaimu ndiyo hatima yangu hapa, nitaaga vizuri na kuondoka na uzoefu wangu wote, bajeti ikiwemo.

Na wewe uliyepata barua yako wiki hii: pole sana. Lia, oga, lala. Wiki ijayo kaulize maswali matatu.