Bibi Harusi, Aliyekusafishia Nyumba Umemlipa?

 

Leo nataka kuzungumza na bibi harusi watarajiwa, na mama zao pia, juu ya jambo ambalo mara nyingi halimo kwenye daftari la harusi: usafi wa nyumba anayohamia bibi harusi, na mtu anayeufanya.

Mwaka jana nilitoka Unguja kwenda Songea kwenye harusi ya mdogo wangu. Kwetu ni Majengo. Nyumba waliyopanga maharusi ilikuwa nzuri, ila vumbi jekundu limeingia hadi kwenye makabati na choo kina madoa ya miaka. Nikasema, "Tumwite mama mdogo, siku moja tu atamaliza." Moyoni nilishajua hatutamlipa. Si wa nyumbani? Na shughuli ni ya wote.

Mama mdogo akaja na wenzake wawili, glavu mkononi na viatu vya mpira mguuni. Kabla hajagusa kitu akanipa karatasi ya bei: shilingi 60,000. Nikacheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Walipopumzika kunywa chai akanihadithia. Alikuwa mfagizi wa ofisi kwa miaka mingi. Tarehe 16 Machi 2020 ilipotangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona nchini amepatikana Arusha, kazi yake ikageuka. Ndoo za maji tiririka zikawekwa mlangoni, vitakasa mikono mezani, naye akaambiwa afute vitasa vya milango kila saa. Watu waliogopa kugusana, lakini yeye aligusa kila walichokigusa. Glavu hakupewa. Mikono ikamchubuka.

Siku moja mwenzake akachanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi, eti ipate nguvu. Wakatoka mbio wanakohoa, macho yanawachoma.

"Kumbe vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inaunguza mapafu," akasema. "Nani alitufundisha, mwanangu? Tulipewa ndoo tu."

Aliacha ile kazi, akajifunza, akaanza yake. Na wakati ulikuwa umebadilika. Zamani kampuni za usafi tulizizoea kwenye mabenki na maofisi. Nyumbani alikuwepo dada wa kazi. Siku hizi, hata kwetu Unguja, watu wanaita mafundi wa kuosha makochi, mazulia na magodoro kwa mashine, na matangazo yao yamejaa Instagram. Mteja naye amekuwa mjuzi, anauliza dawa gani inatumika.

"Ila hakuna anayeuliza kama tuna glavu," mama mdogo akaniambia.

Nilinyamaza. Mdogo wangu, bibi harusi mwenyewe, alikuwa chumba cha pili anasikia yote. Akatoka na pochi yake, akamlipa mama mdogo zote kabla ya adhana ya Alasiri. Aibu niliyoipata mimi dada mkubwa, Allah anaijua.

Sisi Waislamu usafi hatukufundishwa na corona. Tunatia udhu tangu wadogo. Lakini pia tumefundishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijamkauka, na hilo tunalisahau, hasa mfanyakazi akiwa ndugu.

Basi bibi harusi wangu, unapopanga bajeti:

1. Weka fungu la usafi mapema, nyumba isafishwe kabla vyombo na makochi hayajaingia.
2. Patana bei kabla ya kazi na ulipe siku hiyo hiyo, hata kama ni shangazi yako.
3. Uliza kama wana glavu na viatu vya kufunika mguu. Kama hawana, nunua.
4. Jiki isichanganywe na kitu chochote isipokuwa maji. Madirisha yawe wazi.
5. Sabuni kwanza, jiki baadaye, maana uchafu unaipunguza nguvu. Ile jiki ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji hutoa asilimia 0.5, ambayo ni ya kazi nzito kama damu. Kwa sakafu na vitasa vya nyumbani, Shirika la Afya Duniani lilisema asilimia 0.1 inatosha.

Nyumba ya ndoa ianze na twahara, na isianze na deni la jasho la mtu. Allah azijaalie nyumba zenu utulivu na baraka. Amin.