Walioanza na Jiko

Bibi yangu alipikia samadi miaka yote ya uzee wake. Miti ilikuwa imekwisha upande wetu wa Ibadakuli, Shinyanga. Iliyobaki ni minyaa ya kuzungushia miji na mikwaju michache ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Baada ya mavuno tulichoma mabua ya pamba, na mabua yakiisha tulirudi kwenye kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Jiko lilikuwa mafiga matatu ndani ya nyumba ya nyasi isiyo na dirisha. Mtu akiishi na moshi wa namna hiyo miaka nenda miaka rudi, macho yake huwa mekundu. Lakini Usukumani kote, macho mekundu ya mwanamke mzee yalitosha kuwa ushahidi wa uchawi.

Mama alikuwa akifunga mlango mapema, jua halijazama vizuri. Mtoto wa jirani akishikwa na degedege, wengi hawakwenda kwanza hospitali ya Kolandoto. Walikwenda kwa mganga. Mganga alipiga ramli, akasema mbaya wao ni mwanamke, ni mtu mzima, anakaa upande wa machweo. Jina hakulitaja. Jina walilipata wenyewe njiani wakirudi. Baada ya hapo zilifuata fedha za kuwalipa wakata mapanga. Mara nyingi aliyeuawa alikuwa mjane mwenye shamba zuri, na shamba hilo lilikuwa na watu wa ukoo wa mumewe waliokuwa wakilitamani siku nyingi. Watu wazima walilijua hilo na walilisema jikoni, kwa sauti ya chini. Mkutanoni hakuna aliyelisema.

Serikali ilijaribu kwa nguvu. Mwaka 1976 polisi na usalama waliwakamata watu wengi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga kwa tuhuma za mauaji ya vikongwe. Waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa waliowakamata. Ali Hassan Mwinyi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kubeba dhamana ya uovu ambao hakuutenda yeye. Nchi nzima inamkumbuka kwa uungwana ule, na anastahili. Ila kwetu vikongwe waliendelea kuuawa, na sasa palikuwa na familia nyingine zenye maiti na uchungu.

Kisha wakaja sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokea upande wa Kahama. Baada ya vita vya Kagera bunduki zilikuwa zimezagaa na ng'ombe walikuwa wakiswagwa kwa mamia. Filimbi ilipopigwa, kila mwanamume alitoka na upinde wake. Nisiwanyime haki yao: wizi wa mifugo ulipungua na tulilala usingizi. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria iliwatambua. Lakini sungusungu hao hao waliwashughulikia pia waliotuhumiwa uchawi. Walitozwa ng'ombe, walichapwa, au walitengwa. Mtu aliyetengwa hapewi moto wala maji, na salamu yake haiitikiwi. Nilimwona mama mmoja akisema "mwangaluka" kisimani na wanawake wote wakiinamia ndoo zao kama hawakusikia. Alihama kabla ya masika.

Mabadiliko yalianza na udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 habari zilitufikia kutoka Magu. Huko shirika la HelpAge na wenzao wa Maperece walikuwa wakikaa na vijiji, wazee, sungusungu na waganga kuzungumzia mauaji ya vikongwe, huku wakiwajengea wazee nyumba na majiko yasiyotoa moshi mwingi. Kikundi cha akina mama wa kwetu, waliokuwa wakiwekeza na kukopeshana, kilisema: sisi udongo tunao, tunangoja nini?

Jiko lenyewe ni kazi ya siku moja. Unachimba udongo wa kichuguu, unauponda, unachanganya na mchanga na samadi, unakanyaga kwa miguu mpaka unavutika. Unalifinyanga kwa kuzungushia vyungu vya mwenye nyumba ili vikae barabara, unatoboa mdomo wa kuni na njia ya moshi inayotokea nje ya ukuta. Halafu unaliacha likauke taratibu, maana likiwashwa mapema linapasuka. Kazi ya kukanyaga ni nzito, na bibi kizee haiwezi. Kwa hiyo akina mama walimwendea kamanda wa sungusungu, wakamwomba vijana. Kamanda alikuja nao, akakunja suruali, akaingia matopeni. Na watu wakiwa matopeni huongea.

Katika nyumba ya tatu au ya nne alikuwepo kijana aliyefiwa na mtoto. Alikanyaga muda mrefu bila kusema neno, halafu akasimama mbele ya mwenye nyumba.

"Bibi, mimi niliambiwa ni wewe."

"Aliyekuambia alinitaja jina?"

"Hapana. Alisema upande wa machweo."

"Sasa mjukuu wangu, ukisimama mlangoni kwako, upande wa machweo tuko wangapi?"

Wakaanza kuhesabu kwa sauti, watu wote waliokuwepo. Walipofika kwa mama yake mzazi kijana akanyamaza, kisha akarudi kukanyaga udongo. Jioni ile alirudi kumletea bibi yule michembe.

Tangu hapo mikutano ya kitongoji ilikuwa na utaratibu mmoja: mwenye shutuma aiseme hadharani, mtuhumiwa akiwepo, na aulizwe aliipata wapi. Ramli chonganishi haistahimili maswali matatu. Ndiyo maana nilisikitika mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipowataka wananchi wapige kura za siri kuwataja wauaji. Nia ilikuwa njema. Waziri Mkuu Pinda alifuta leseni za waganga, na mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu mjini Kahama iliwatia hatiani, kwa mara ya kwanza, watu watatu waliomuua mtoto mwenye ualbino. Hukumu ile ilihitajika sana. Lakini jina lililoandikwa kwenye karatasi bila maelezo, bila wa kumuuliza mwandishi, linafanana mno na jina linalotoka kwenye kibuyu cha mganga.

Kikundi kiliendelea, na kazi zikabadilika. Takwimu za mwaka 2010 zilipoonyesha kwamba Shinyanga asilimia 59 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kufikisha 18, mkoa wa kwanza nchini, wale wale waliofinyanga majiko ndio waliokwenda kukaa na baba aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari. Kesi ya Rebeca Gyumi ya kupinga ndoa za utotoni, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 na kuthibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, iliwapa hoja ya kisheria. Ila ng'ombe waliokwisha kuliwa hawarudishwi na hukumu, na hapo ndipo ukoo mzima unapoitwa kuchanga.

Kazi mbili hazijakwisha. Pale Buhangija, si mbali na kwetu, wapo watoto wenye ualbino waliopelekwa shuleni kwa usalama wao, na wengine wamekua bila kuijua barabara ya kwao. Ukuta umewaokoa, nami nawashukuru walioujenga na wanaoulinda, lakini mtoto anayehitaji ukuta bado hajawa salama. Anayestahili kufikiwa ni jirani wa kule alikotoka. Ya pili ni mashamba ya wajane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamlinda mwanamke, ila mpaka usioonekana hauna sheria. Kwa hiyo siku hizi, mzee akifiwa na mumewe, kikundi hakingoji arobaini ipite. Kinawaita mashemeji, majirani na mwenyekiti, wanauzunguka mpaka kwa miguu, kila shemeji anapanda mche wa mnyaa kwa mkono wake, na katibu anaandika nani amepanda wapi.