Mche Mfupi wa San Giuliano

Ukitoka Bastia kwenda kusini, bahari iko kushoto, milima iko kulia, na katikati yake uwanda wa mashariki wa Corsica unazidi kupanuka. Malaria iliutawala uwanda huu hadi Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha. Wakati wa joto wenyeji walikuwa wakikimbilia mlimani. Leo ni shamba baada ya shamba la klementini. Nilipita mwezi wa Novemba, zikichumwa kwa mkono pamoja na majani yake, nyingine bado zina doa la kijani kitakoni.

San Giuliano ndipo taasisi mbili za utafiti za Ufaransa, INRAE na CIRAD, zinapotunza mojawapo ya hazina kubwa duniani za miti ya jamii ya michungwa: michenza, milimau, mindimu, mibalungi, mifurungu. Harufu peke yake ingetosha kunichelewesha. Lakini mimi nilifuata miche.

Miwili ilisimama jirani, imetoka kwenye mbegu za mti mmoja. Wa kwanza ulikuwa mrefu, mwembamba, umechangamka. Wa pili ulikuwa mfupi. Nilishika jani lake: nene, pana kuliko la mwenzake, kijani yake imekolea sana.

Seli ya mchungwa kwa kawaida ina kromosomu 18, yaani seti mbili za tisatisa. Mbegu nyingi za jamii hii hubeba viini visivyotokana na chavua bali na tishu ya mti mama, kwa hiyo miche yake huwa nakala ya mama. Mara chache seli ya mama hurudufu kromosomu zake kisha isigawanyike, na mche huota ukiwa na kromosomu 36, yaani seti nne. Hakuna jeni ngeni iliyoingia. Ni zilezile za mama, ila zimekuwa maradufu. Penye baridi hutokea zaidi. (Ndimu za Tahiti, zile zisizo na mbegu, ziko katikati: zina 27.)

Mwenye kitalu anayetaka miche inayolingana huung'oa huu mfupi na kuutupa. Inaniuma kufikiria ni mingapi imetupwa hivyo, maana uwezo wake umo ardhini, pasipoonekana.

Mwaka 2013 watafiti wa Ufaransa na Hispania walichapisha matokeo ya jaribio ninalolipenda kwa unyoofu wake. Walibebesha mchungwa wa aina moja juu ya mashina ya ndimu ya Rangpur, mengine ya seti mbili, mengine ya seti nne, kisha wakayanyima maji. Michungwa iliyobebeshwa juu ya seti nne ilistahimili ukame zaidi. Mizizi yake hutengeneza asidi ya absisiki kwa wingi hata kabla ukame haujaanza. Homoni hiyo hupanda hadi kwenye majani na kuyafanya yabane vitundu vyake vya kupumulia, maji yasipotee. Majani yenyewe ni ya mchungwa wa kawaida kabisa. Amri inatoka chini.

Kwenye chumvi pia mashina kadhaa ya seti nne yameonekana kuvumilia zaidi, na hilo si dogo kando ya Mediterania, ambako visima vya karibu na bahari vikivutwa mno huanza kutoa maji ya chumvi. Mizizi yake ni minene, mifupi, yenye matawi machache. Hunywa polepole, na chumvi nayo hupanda polepole.

Gharama ipo. Mti hukua taratibu na kubaki mdogo, na penye maji tele shina la kawaida litaupita. Mimi ningekubali kuilipa gharama hiyo mahali ambapo mvua haiaminiki, na niliwaza moja kwa moja Muheza, mkoani Tanga, ambako michungwa mingi hungoja mvua ya Mungu juu ya mashina ya milimau. Joto la Tanga huenda likafanya miche ya namna hii iwe adimu zaidi kuliko Corsica, lakini wenye vitalu wangeweza kuanza kwa kuitenga ile mifupi yenye majani manene badala ya kuitupa. Jicho halitoshi kuithibitisha: kipande cha jani hupitishwa kwenye mashine inayopima wingi wa DNA ndani ya seli, na jibu hupatikana siku hiyohiyo.