Kinga mbili kwenye mlima wa Jomba

Juma hili nataka kuwaelezea safari niliyofanya na kaka yangu mkubwa wakati masomo yalipofunga kwa ajili ya Noeli. Haikuwa safari ya mbali: kutoka Rutshuru mpaka kwa mama yetu, upande wa Jomba. Kwa moto unafika upesi. Lakini bei ya moto mwezi wa kumi na mbili si ya mfuko wa mwalimu, na Yaya akasema: "Tuende kwa kinga."

Nilikubali, ingawa tulikuwa tumepitisha zaidi ya mwaka bila kusemezana vizuri. Baba alipofariki aliacha shamba, juu migomba, chini maharagi. Siku moja sokoni, mtu wa nje akaniambia kwamba Yaya anatafuta mnunuzi wa upande wa chini. Mimi sikuulizwa. Nikanyamaza. Sisi wanawake tunajua kunyamaza, kisha tunaita jambo hilo heshima.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wale wanaofikiri Kongo yote ni joto, waje kwetu asubuhi yenye ukungu baada ya mvua ya usiku. Nilivaa koti la bwana yangu, na mikononi nilivaa soksi. Rutshuru iko kwenye mita karibu 1,300. Ukifuata barabara ya Bunagana unapanda tu, ukielekea milima ya Sabinyo na Muhabura, na huo Muhabura unapita mita 4,100. Asubuhi ile hatukuona mlima hata mmoja. Niliona mgongo wa Yaya na matope yaliyorushwa na gurudumu lake.

Watoto wa njiani walipiga kelele: "Mama anaendesha kinga!" Mzee mmoja akamuuliza Yaya kama hana nguvu ya kunibeba nyuma. Yaya akajibu: "Huyu alijua kinga mbele ya kujua kusoma."

Ni kweli. Yeye ndiye aliyenifundisha, nyuma ya migomba, kwa kinga ya Baba. Miguu yangu ilikuwa mifupi, kwa hiyo nilipitisha mguu mmoja chini ya chuma cha katikati na kukanyaga nikiwa nimeinama upande. Nilipoanguka na kupinda gurudumu, Yaya alisema ni yeye. Alipigwa fimbo zangu. Jambo hilo nilikuwa nimelisahau, au hasira ilinisahaulisha.

Baada ya Rwanguba njia inakuwa kali. Tulipisha chukudu iliyokuwa inashuka na magunia, mwenyewe akikanyaga kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma ili isimtoroke. Hapo ndipo mnyororo wangu ulipokatika. Yaya akapindua kinga, akatoa vyombo vyake, akachuchumaa. Nikaona kwamba hana njia ya kunikimbia, mikono yake imejaa mafuta. Nikasema.

"Yaya, shamba la Baba unaliuza?"

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Wewe uliolewa. Una shamba kwa bwana yako."

"Kwa bwana yangu ninaitwa mgeni. Na kwetu unaniita mtu wa kwa bwana. Basi mimi ni wa wapi?"

Nilimweleza ninachowaeleza wanafunzi wangu katika somo la uraia. Sheria ya jamaa ya nchi yetu ni ya mwaka 1987, nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Inaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kundi la kwanza, na sehemu yao wanagawana sawasawa. Haiulizi nani mvulana, nani msichana, wala nani ameolewa. Yaya akasema sheria iko Kinshasa, desturi iko hapa. Nikamjibu: "Na sisi wawili tuko hapa pia."

Alimaliza mnyororo bila kunitazama. Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua: alikopa pesa kwa masomo ya mtoto wake mkubwa, na mwenye deni anakuja nyumbani kila juma. Mwaka mzima nilikuwa nimemhesabu kuwa mwizi. Kumbe alikuwa mtu mwenye haya.

Tulifika tukiwa tumelowa. Mama alitupa maharagi na viazi karibu na moto. Tuliposhiba akasema: "Shamba lile nililima mimi pamoja na huyu binti, wakati wewe ulikuwa masomoni. Muuze nikifa, si mbele." Kisha akaomba sahani.

Hatukumaliza yote siku ile. Tulipatana kwamba upande wa chini hautauzwa. Utakodishwa msimu mmoja, na pesa itapunguza deni. Tuliandika karatasi yenye majina yetu sote watatu, na majirani wawili wakatia sahihi. Chefu wa kijiji hakuwepo. Inabaki turudi kwake, na mke wa Yaya hajafurahi. Ninawaambia hivyo ili msifikiri karatasi moja inaponya kila kitu.

Kurudi ilikuwa mteremko. Ukungu ulikuwa umeondoka, na Mikeno ilionekana wazi. Yaya alikaa nyuma yangu njia yote, akipaza sauti: "Breki! Breki, mama!" kama zamani nyuma ya migomba.

Dada zangu, kama kwenu kuna shamba ambalo halizungumzwi, ulizeni mapema, na mwulize pia ndugu yako ana mzigo gani. Mkipatana, andikeni mbele ya mashahidi. Karatasi yetu nitakuja nayo mkutanoni, anayetaka kuona namna tulivyoiandika aiangalie.