Ukuta ndani ya swichi

Jamani, najua nimepotea hapa kijiweni kwangu. Sababu ni aibu, na leo nimeamua kuitoa.

Ofisi yetu ya Mbeya iko juu ya duka la steshenari. Intaneti tunachangia nao: unaingia waya mmoja, swichi moja inagawa. Waandishi, mhasibu na kompyuta za wateja wa chini, wote humo humo. Mzee mmoja wa Mafinga alinipa barua ya kazini kwake kuhusu mbao. Nikaiskani, faili likaenda kwenye folda ya pamoja, nami nikalisahau. Mtu aliyekuwa kwenye kompyuta ya dukani akaliona. Siku mbili baadaye mzee akaitwa na bosi wake.

Nikapanda basi kwenda kuomba radhi. Makambako, hatimaye Mafinga. "Kamwene," akanisalimu, kwa adabu ileile. Halafu: "Mwanangu, mimi barua nilikupa wewe. Sikuipa ofisi yenu." Sikuwa na jibu.

Sikurudi Mbeya. Niliendelea hadi Iringa kwa rafiki yangu tuliyesoma naye, siku hizi anatunza mtandao wa chuo. Nikamsimulia. Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Kaka, ninyi mnalala chumba kimoja wote."

Akanieleza hivi. Kwenye swichi ya kawaida, kompyuta ikiita, zote zinasikia. Swichi inayopangika inakuruhusu kuigawa kwa VLAN: boksi ni moja, lakini kila kundi lina mtandao wake kana kwamba lina swichi yake. Utaratibu wake, 802.1Q, ulitolewa na IEEE mwaka 1998. Furushi la data likipita kwenye waya unaobeba makundi mengi hubandikwa namba ya kundi lake. Namba hiyo ina biti 12, kwa hiyo zinazotumika ni 1 hadi 4094. Ikitoka kiwandani, kwa kawaida swichi huweka kila poti kwenye VLAN 1. Usipoigusa, umenunua kuta na kuziacha kwenye boksi.

Ile yetu ya bei poa haikuwa ya kupangika. Tukatafuta iliyotumika, ya poti 24, rafiki yangu akaja Mbeya. VLAN 10 waandishi, 20 mhasibu, 30 duka. Waya wa kwenda kwenye ruta ndio pekee unaobeba zote tatu. Poti zisizo na kazi akazizima. Mwisho akaiambia ruta isivushe kitu kutoka 30 kwenda 10 wala 20. Ruta ikiruhusu kila mtu avuke, alisema, ukuta umejenga na mlango umeuacha wazi. Na folda ya skana? Ikapewa nywila, maana ukuta haumzuii aliye chumbani.

Nikadhani tumemaliza. "Bado," akasema. "Ukuta usio na mlinzi ni pambo." VLAN hizi zinafuata poti, siyo mtu: ukihamisha waya, umehama chumba. Swichi huandika anwani ya kila mashine na poti iliyopo, lakini nyingi huifuta anwani iliyokaa kimya sekunde 300. Kwa hiyo akaweka kiprogramu kinachoiuliza swichi kila baada ya dakika chache na kutunza majibu. Mimi nikapewa kazi ya kuyasoma kila Ijumaa.

Ijumaa ya tatu nikaona mashine ngeni kwenye poti 17, upande wa duka. Nikashuka ngazi kwa hasira, nikawahoji vijana wa watu kama askari. Wakaapa hawajui. Nikapanda tena, nikalinganisha anwani ile na ya kompyuta mpakato yangu.

Ilikuwa ya kwangu. Jumanne waya wa mezani kwangu ulikatika, nikashuka kuchomeka dukani niwahi kutuma habari kabla gazeti halijafungwa. Nikiwa na nyaraka za watu ndani.

Vijana nimewaomba radhi. Mzee nimempigia mara mbili, hajapokea. Wiki ijayo nitashukia Mafinga tena, apokee asipokee.

Na wewe mwandishi mwenzangu, kabla hujamwambia mtu "niamini", umeshauliza waya wa mezani kwako unaishia wapi, na nani mwingine yuko chumba hicho?

Alamsiki.