"Kimbia tu!": kilio cha shabiki wa timu ya chuo

Nimepotea kidogo, majaribio yalinibana, tena mawili ndani ya wiki moja, na bum nalo ndiyo hivyo, bado tunaambiwa kesho. Leo nimerudi na jambo moja tu lililonikaa rohoni: timu yetu ya mpira ya chuo. Kama wewe si mtu wa mpira usikimbie, maana mbele ya safari kuna habari za ualimu, na humu ndani wengi wetu ni walimu watarajiwa.

Kwanza matokeo, kwa wale waliokuwa wanapiga msuli maktaba. Jumamosi tumefungwa 3-0, tena nyumbani. Mechi ya kabla yake tulifungwa 2-1. Ya kabla yake sare ya bila kufungana, na wageni wetu walikuja na wachezaji kumi na wawili, yaani mtu mmoja tu benchi, naye alikuwa anachechemea. Mechi tatu, pointi moja, goli moja. Na hilo goli lenyewe alijifunga beki wao. Sisi wenyewe tangu muhula uanze hatujagusa nyavu za mtu.

Sasa, kufungwa kwenyewe si tatizo. Mimi ni shabiki wa Taifa Stars bwana, kwa hiyo shahada ya kufungwa ninayo kabla hata sijaipata hii ya ualimu. Juni 27, 2019, AFCON kule Misri, tuliongoza mara mbili dhidi ya Kenya. Msuva akafunga dakika ya 6, Samatta dakika ya 40, na bado tukalala 3-2. Nililala bila kula. Lakini siku ile niliona watu wanajaribu kitu. Kikashindikana, sawa, mpira ndivyo ulivyo.

Kwa timu yetu ya chuo huoni hata kinachojaribiwa. Jumamosi nilikaa pale ukingoni kwenye nyasi na daftari langu la Saikolojia ya Elimu, nikafungua ukurasa wa nyuma nikaanza kuhesabu. Kipindi cha kwanza peke yake golikipa wetu alibutua mpira mrefu mara 23. Mara 19 ukaangukia kwa wapinzani. Straika wetu ni mfupi, tunamjua wote, ni mzuri mpira ukiwa chini. Wale mabeki wao wawili walikuwa kama nguzo za umeme. Anapigiwa mipira ya juu dakika 45, anaruka kama panzi, anarudi chini mikono mitupu. Kipindi cha pili? Vilevile. Kaka mmoja nyuma yangu akaniuliza, "Dada, wewe unajua kuotea ni nini?" Nikamjibu kuotea nakujua kaka yangu, ila leo hatujafika huko mbele hata mara moja, tutaotea saa ngapi?

Halafu kuna hili lililonifanya niandike.

Winga wetu wa kulia ni dogo wa mwaka wa kwanza, anatoka kwetu Maretadu. Kwa msiopajua, Maretadu ni Mbulu vijijini, mkoa wa Manyara, upande wa Dongobesh na Haydom, nyanda za juu ambako asubuhi ya Julai hata ng'ombe hawana haraka ya kutoka zizini. Kule tumecheza mpira kwenye viwanja vya shule vyenye mteremko, kipindi kimoja unapanda, kingine unashuka. Huyu dogo namfahamu tangu anavaa kaptula ya shule ya msingi. Kipaji chake si mbio. Kipaji chake ni macho. Anaona pasi kabla mwenye mpira hajajua kama anataka kupasia. Nyumbani alikuwa anacheza kati, na timu nzima ilikuwa inamtafuta yeye.

Hapa chuoni siku ya kwanza ya mchujo aliulizwa anatoka wapi. Akasema Mbulu. Basi, ikawa imeisha. Akapelekwa winga. "Wewe Mmbulu, kazi yako kukimbia." Hakuna aliyemuuliza amezoea namba ngapi. Tangu siku hiyo, kila mechi, kutoka benchi inasikika sauti moja: "Kimbia! Kimbia tu!" Anakimbia. Anakimbilia mipira mirefu inayotoka nje kabla hajaifikia, anarudi, anakimbia tena. Jumamosi dakika ya 28 tukiwa tumeshafungwa la kwanza akatolewa, akaambiwa mbele ya watu wote kwamba Mmbulu gani asiyekuwa na mbio. Watu wakacheka. Mimi nilimwona alivyokaa, jezi kaivuta hadi machoni.

Naomba tuelewane. Sisi watu wa kule tunajivunia mbio. John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, yule aliyeumia kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza, akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi ni wa Karatu, na Karatu enzi hizo ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu. Februari 2, 1974, kule Christchurch, New Zealand, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Lakini someni alivyoshinda. Wenzake walizoea kukaa nyuma wakivizia mzunguko wa mwisho. Bayi aliondoka mbele tangu mwanzo, akawalazimisha wote wakimbie mbio zake yeye, na John Walker akaja kasi mwishoni asimpate. Ile ilikuwa ni akili. Miguu ilitekeleza tu kilichopangwa kichwani. Kwa hiyo anayeniambia Mmbulu ni wa kukimbia tu, hata hao wakimbiaji wetu hajawaelewa.

Sasa tuje kwenye ualimu kama nilivyoahidi. Hivi kocha ni nani kama si mwalimu? Sisi tunafundishwa kila siku hapa: mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Anajua leo wanafunzi watoke na nini. Anaanza na wanachokijua, anawapeleka kwenye wasichokijua. Anapima kama wameelewa, na wasipoelewa anabadilisha njia, hapandishi sauti. Hebu chukua vigezo hivyo upeleke uwanjani kwetu saa kumi na moja jioni. Mazoezi ni kuzunguka uwanja mara kumi, halafu wanagawanywa vikosi viwili, halafu Magharibi imeingia, kwaherini. Sijawahi kuona siku moja mabeki wanne wamewekwa peke yao wakaelekezwa namna ya kusogea pamoja. Sijaona kona ikifanyiwa mazoezi. Golikipa hajawahi kuambiwa kwamba anaweza kumpa mpira beki aliye hatua kumi kutoka kwake.

Na mapumziko je? Dakika 15. Kwa mwalimu dakika 15 ni mali. Jumamosi nilisogea karibu makusudi nisikie. Dakika kumi zote zilikwenda kwenye kugomba: hamjitumi, hamna uchungu na chuo, mnakula chakula cha bure. Chakula chenyewe ni wali maharage. Hakuna aliyeambiwa afanye nini tofauti kipindi cha pili, na ndiyo maana kipindi cha pili kilikuwa pacha wa cha kwanza.

Nisije nikaonekana mkatili, nimtetee kocha kidogo. Kazi yake ni ngumu. Wachezaji wana vipindi mpaka saa kumi na moja, wengine wana maabara, viatu vingine vimeshonwa kwa waya. Mipira ipo minne na mmoja unavuja. Hayo yote najua. Lakini kumuuliza mtu "umezoea kucheza wapi?" hakuhitaji bajeti. Kupanga kona hakuhitaji mipira minne, unatosha mmoja.

Wengi pale kijiweni wanasema dawa ni moja, kocha aondoke. Hapo mimi nasita, na nitawaambia kwa nini. Mzee Mwinyi, Mungu amrehemu, aliwahi kuufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, kila kinyozi anajifunzia kunyoa. Baada ya Misri 2019, mechi tatu vipigo vitatu, Amunike akaondoka ndani ya wiki moja na kidogo. Januari 2024 kule Ivory Coast tukafungwa 3-0 na Morocco, Adel Amrouche akafungiwa na CAF kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, Hemed Suleiman akashika timu, tukatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na Kongo. Novemba 2025 tena, zikiwa zimebaki wiki chache AFCON ianze, timu akapewa Miguel Gamondi. Tukafungwa 2-1 na Nigeria, sare na Uganda, sare na Tunisia, na kwa pointi hizo mbili tukavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia, mpaka wenyeji Morocco walipotutoa 1-0 Januari 2026.

Mtu wa kijiweni atasema: si unaona? Ukibadilisha kinyozi, nywele zinakaa! Ngoja kwanza. Mchezaji wa Taifa Stars anapofika kambini ameshafundishwa. Klabu yake inamfundisha kila siku, mwaka mzima. Kocha wa taifa anapokea chakula kilichoiva, anapakua. Timu ya chuo haina klabu nyuma yake. Hapa kocha ndiye klabu, ndiye akademia, ndiye kila kitu. Ukimwondoa huyu ukaleta mwingine ambaye naye hafundishi, utabadilisha sauti inayosema "kimbia tu", basi. Tunachotakiwa kudai ni mafundisho.

Na mafundisho yanataka muda. Wakubwa zetu wanasimulia habari za Maximo, yule Mbrazili. Alikaa na Taifa Stars kuanzia 2006 hadi 2010, watu wakamlalamikia sana, hasa kwa kutomwita Kaseja, lakini ndiye aliyetupeleka kwenye CHAN ya kwanza mwaka 2009 na tukawafunga wenyeji Ivory Coast 1-0. Na ile timu iliyokwenda AFCON Lagos mwaka 1980, ya kwanza ya Tanzania, kwenye benchi lake la ufundi alikuwepo Joel Bendera, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Mkuu wa Mkoa wetu wa Manyara, hadi 2017. Nyumbani wazee wa mpira walikuwa wanamtaja kwanza kama kocha, ukuu wa mkoa unafuata. Mnaona heshima ya mwalimu wa mpira ilivyo? Watu wanaikumbuka hata ukishapewa bendera kwenye gari.

Kwa hiyo mimi naomba vitu vitatu tu, na nimeshaviandika kwenye karatasi nikampelekea waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi. Kila mchezaji aulizwe namba yake na ajaribiwe hapo angalau mechi mbili. Siku moja kila wiki iwe ya kufundishana tu, kona, mipira ya adhabu, namna ya kutoka nyuma. Na mchezaji akikosea aambiwe alichokosea, asiambiwe kabila lake. Hili la tatu sitalegeza hata mniletee soda.

Kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu jana jioni dogo alikuja hosteli kwetu, akasimama getini kwa sababu kaka hawaruhusiwi kupita, akaniambia, "Dada, mimi mpira basi. Naona bora nisome." Kusoma ni vizuri, nani atapinga. Lakini alivyosema nilijua anachoacha si mpira. Ameshaanza kuamini kwamba hapa chuoni yeye ni miguu miwili iliyotoka Mbulu. Na mtu akishaamini hivyo uwanjani, kesho atakaa nyuma kabisa darasani, hataunyosha mkono hata jibu analijua. Tumesoma hayo, yana majina marefu kwenye vitabu. Mimi nimeyaona getini.

Tena mwezi wa saba tunakwenda TP, mazoezi ya kufundisha. Mimi nimeomba shule za upande wa nyumbani. Na shule za kijijini mnazijua, mwalimu mgeni akishuka kwenye basi anakabidhiwa chaki, vipindi vya Kiswahili, na filimbi. "Mwalimu, na michezo utatusaidia." Yaani kocha wa UMISSETA ndiye wewe, ujue usijue. Miongoni mwa wale watoto kutakuwa na mwingine mwenye macho kama ya huyu dogo. Filimbi hiyo inaweza kumfungulia njia au ikamfungia.

Nilimwambia dogo asiamue akiwa na hasira, aje mazoezini Jumanne, na mimi nitakuwepo ukingoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, aliniachia salamu za mama tu. Mechi ni Jumatano saa kumi jioni, uwanja wa juu. Mje wengi. Na mkisikia mtu anapiga kelele "kimbia tu", ninyi pigeni kelele zaidi: "Mpe pasi!"

Wenu katika kupenda timu isiyopendeka, tuonane uwanjani.